Mpime Mtoto Kwanza, Ubao Baadaye

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na mimi binafsi niliwahi kupata alama nzuri kwayo. Lakini naungama mbele yako, mpenzi msomaji, kwamba sikuwa nikiielewa hata chembe. Niliielewa likizo ya Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Mji wa Kale, nilipomtengenezea mdogo wangu kiti kizuri cha mbao, nikakipaka vanishi hadi kikang'aa, kisha nikakigeuza kuwa jela yake.

Sikushika kalamu ili nihurumiwe. La hasha! Nimeishika kwa sababu nina maoni, na ukurasa huu ni wa maoni. Nasema hivi: vifaa vya kumsaidia mtoto mwenye ulemavu mzito twaweza kuvitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, kwa vitu tunavyovitupa kila siku, na tena yatupasa kuvitengeneza. Lakini mkuu wa kazi hiyo ni mtoto mwenyewe. Asiyemsikiliza mtoto, hata akiwa na msumeno wa dhahabu, hajatengeneza kitu.

Mdogo wangu nitamwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba wetu. Ana miaka sita. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na ana kile kinachoitwa mtindio wa ubongo. Maana yake ni kwamba ubongo wake uliumia ukiwa ungali unakua, basi amri zinazotoka huko kwenda kwenye misuli hufika kombo. Mguu ukiambiwa ukunjike, hunyooka ukakaza kama mwiko. Shingo huchoka upesi. Tena ana kifafa, ambacho hunywa dawa yake asubuhi na jioni, na kumeza chakula kwake ni kazi nzito. Watoto wengine huupata ulemavu huu kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine kwa homa ya uti wa mgongo, na wengine kwa manjano makali ya uchangani yasiyotibiwa mapema. Hauambukizi. Si jini, si hasadi, wala si adhabu ya dhambi za mtu. Nayasema haya waziwazi kwa sababu nayajua yanayonong'onwa ngazini.

Na Kitinda yuasikia! Mwuza kahawa akiingia mtaani kwetu akigonganisha vikombe vyake, Kitinda hucheka kabla sisi wengine hatujamsikia.

Tunakaa Kibokoni, ghorofa ya pili, na ngazi zetu zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Msamaria mwema mmoja alituletea kiti cha magurudumu. Tulimshukuru sana, na nia yake Mungu ataijazi. Lakini kilikuwa kiti cha mtu mzima. Kitinda akiwekwa humo huzama kama dagaa ndani ya sufuria ya pilau. Hakipandi ngazi, na hapo ngazini kwa chini mtu hapiti nacho bila ya kugonga ukuta. Mpaka leo kiko uvunguni mwa ngazi, mamangu huanikia nguo. Je, kilikosa ubora? Hapana. Kilikuwa kipya kabisa. Kilikosa jambo moja tu, kwamba hakuna aliyempima mtoto.

Sasa hebu mtazame nyanya yetu. Nyanya hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini chumba cha Kitinda ni karakana yake. Amemshonea mito mirefu ya mviringo, akaijaza sufi. Mmoja huuweka katikati ya magoti, kwa kuwa miguu ya Kitinda hupenda kukatana kama mkasi. Mwingine huuweka mgongoni anapolala ubavu. Mchana humgeuza kila baada ya saa mbili, akisikiliza adhana na redio badala ya kutazama saa, ili ngozi isichubuke kwa kulaliwa upande mmoja. Kijiko cha Kitinda mpini wake umevishwa kipande cha ndara kuukuu kilichotobolewa katikati, ukawa mnene, naye huweza kuukamata. Juu ya kitanda umepita uzi imara wenye vifuniko vikubwa vya mikebe, vile visivyomezeka. Akiunyosha mkono vinalia, na siku hizi huunyosha makusudi.

Kitu ninachokistaajabia zaidi ni kikombe chake. Ni kikombe cha kawaida cha plastiki, ila nyanya amekikata ukingo upande mmoja, umbo la mwezi mchanga, akausugua mpaka usikwaruze. Kwa nini? Mimi na wewe tukimaliza maji ya kikombe, huinua vichwa nyuma. Mtoto kama Kitinda akiinua kichwa nyuma, njia ya hewa hufunguka, na maji au uji huweza kuingia mapafuni badala ya tumboni. Hapo ndipo zinapotoka zile homa za mapafu zinazowarudisha watoto hawa hospitalini kila mara. Pale palipokatwa ndipo pua inapopita, basi hunywa mpaka tone la mwisho kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Kikombe cha shilingi chache, na kisu kikali!

Kwa kuwa nilikuwa nikiyaona haya yote, nikaingiwa na tamaa ya kuwa fundi mimi pia. Ami yangu ni seremala, hukarabati milango na makasha. Likizo ilipofunga nikamwomba vipande vya mvule vilivyobaki. Nikampima Kitinda akiwa amelala usingizi, kwa rula yangu ya shule. Ami aliniuliza, "Umempima akiwa amekaa?" Nikamwambia, "Ami, si yule yule tu?" Akanitazama, akanyamaza. Nadhani alitaka nijifunze.

Kiti kikaisha kwa siku tatu. Lo! Kilikuwa kizuri. Nilikipiga picha, ikatumwa kwa jamaa, na pongezi zikaja hadi kutoka Maskati. Wageni wakaja, wakakisifu. Kitinda akawekwa humo na akaanza kulia. Kitako cha kiti kilikuwa kirefu mno, kwa hivyo hakuufikia mgongo wa kiti ila kwa kuteleza mbele na kujikunja. Miguu ilining'inia. Alipoteleza, nikamfunga kifuani kwa kikoi. Alipozidi kulia, nikasema maneno ambayo hadi leo yananiunguza: "Ataizoea." Siku ya nne mamangu akimwosha alikuta alama nyekundu mwishoni mwa uti wa mgongo. Aliibonyeza kwa kidole, na alipouondoa alama haikubadilika rangi. Mwenye kuuguza mtoto wa aina hii anaijua maana yake. Huo ndio mwanzo wa kidonda, na kidonda cha mahali pale huweza kula hadi mfupani.

Usiku ule nyanya aliniita. Hakunigombeza. Akasema, "Mjukuu wangu, kiti chako kizuri. Wageni wamekisifu, na jamaa wamekisifu. Anayekikalia umemuuliza?"

Nikajibu, "Nyanya, si hasemi?"

"Hasemi?" akasema. "Siku nne hizi alikuwa yuafanya nini, kama si kusema?"

Basi nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Alama ile ilipopona, mamangu alinichukua kliniki, kwa daktari wa mazoezi ya viungo, naye akanifundisha kwa subira. Mtoto hupimwa akiwa amekaa wima, amekamatwa na mtu mmoja au wawili, nyonga zimerudi nyuma kabisa. Kitako cha kiti kiishie upana wa vidole viwili kabla ya nyuma ya goti. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike kama pembe ya kitabu, na nyayo zikanyage ubao, zisielee. Palipo na miguu inayokatana pawekwe kigingi laini katikati ya magoti. Meza ya mbele ifike usawa wa viwiko. Na kiti kikiisha, mtoto aanze kukaa kwa muda mfupi, kisha avuliwe nguo ngozi ikaguliwe. Wekundu usiopotea upesi ni mtoto anasema: rekebisha.

Kiti cha pili hatukutumia mvule. Tulitumia maboksi tuliyopewa na wenye maduka wa Biashara Street, na magazeti ya zamani. Usicheke, msomaji! Boksi hukatwa vipande vya umbo moja, vikapakwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kugandamizwa chini ya uzito. Kingo huzungushiwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi. Vikikauka huwa vigumu kama ubao, lakini vyepesi, na kisu tu chatosha kuvirekebisha. Shida yetu watu wa pwani ni unyevu. Kisipokauka hadi ndani huota ukungu, na kisipopakwa vanishi pande zote mende watakifanya karamu. Sisi tulikianika roshanini wiki nzima ya kaskazi kabla ya kukipaka. Nyanya alikuwa akipima kwa uzi wenye mafundo, fundo moja la nyonga, fundo moja la goti, na kila tulipokosea tulikata tena. Kitinda alikalishwa mara tano kabla hatujamaliza. Mara ya tano hakulia.

Ujuzi huu wa karatasi haukuzuliwa nyumbani kwetu. Ulienezwa na mwalimu mmoja huko Zimbabwe, Bevill Packer, na umefika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Na mwaka 1987, David Werner alitoa kitabu kikubwa kiitwacho Disabled Village Children, kilichotokana na kazi iliyofanywa katika kijiji cha Ajoya, Meksiko. Pale, wengi wa waliokuwa wakiwatengenezea watoto vifaa walikuwa wao wenyewe wenye ulemavu, na Werner mwenyewe ana ulemavu wa misuli. Naona hapo ndipo siri ilipo. Hata hapa kwetu, ng'ambo ya daraja la Nyali, karakana za Bombolulu zilizoanzishwa mwaka 1969 zilipata sifa kwa vito, vinyago na nguo zilizofanywa kwa mikono ya watu wenye ulemavu. Aliyewahi kulalia kitanda ndiye ajuaye kunguni wake!

Sasa wapo watakaoniambia, "Wewe, ukifundisha watu kutengeneza viti vya maboksi, si utawapa wakubwa kisingizio cha kutofanya kazi yao?" Hoja hii ina uzito, nami sitaikimbia. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Haikusema ana haki ya kupata boksi. Tena mwaka 2025 ilipitishwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Haki hiyo tuidai, tena kwa sauti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Hao waliosalia wafanyeje?

Jibu langu ni kwamba mwili wa mtoto hausubiri bajeti. Mtoto anayelazwa chali mwaka mzima akingoja kiti cha kiwandani, misuli yake hufupika na nyonga huweza kutoka mahali pake, na kiti kitakapokuja hataweza kukikalia. Kiti cha boksi ni daraja la kumvusha. Ukivuka daraja huachi kudai barabara. Nami naongeza kwamba hata hicho cha kiwandani, kama hakikupimwa kwa mwili wa mtoto, kitaishia uvunguni mwa ngazi kuanikiwa nguo.

Wapo pia watakaochukua maneno yangu wakavuka mpaka. Hao nawaambia, taratibu! Si kila kitu ni cha karakana ya nyumbani. Dawa ya kifafa haikatizwi wala kuongezwa kwa shauri la jirani. Mirija ya kulishia na ya kuvutia hewa si vitu vya kubuni. Mtoto halishwi amelala chali, hata kama mwenye kulisha amechoka vipi. Mtoto asiyeweza kujigeuza haachwi peke yake amefungwa kitini, wala hawekewi mto mlaini mbele ya pua. Na kiti chochote, kabla hakijazoewa, kionwe na mtaalamu wa viungo. Nyanya mwenyewe, kwa ujuzi wake wote, kila jambo jipya hulipeleka kliniki kwanza. Mjuzi wa kweli hujua ujuzi wake unaishia wapi.

Naja kwetu sisi wanafunzi. Hapa hapa Mombasa ipo Shule ya Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuwatembelea, mbali na siku ya kupeleka unga na kupiga picha? Mimi pia sijawahi, basi najisema mwenyewe kwanza. Kila mwisho wa muhula tunachoma daftari, maboksi na magazeti ya maktaba. Wapo kati yetu wanaojua kushona, wapo waliofunzwa useremala na wazazi wao, na Hisabati ya vipimo twajifunza sote. Kumbe kiti kimekuwa kikiteketea motoni!

Napendekeza mambo matatu. Mosi, karatasi za shule zisichomwe, zikusanywe. Pili, walimu wetu watuombee mtaalamu wa viungo aje atufundishe siku moja, na tusimtengenezee mtoto yeyote kitu bila yeye na bila mzazi. Tukikubaliwa, twende kwa mtoto, si mtoto aletwe kwetu kama maonyesho, na baada ya kila miezi mitatu turudi kumpima tena, maana mtoto hukua. Tatu, na hili ni la Chama cha Kiswahili hasa: karatasi ya maelezo aliyopewa mamangu ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Yeye si mjinga, ila lugha yake ni hii yetu. Tumekaa tukishindana kwa misamiati, nani anajua jina la kikundi cha nyuki na cha ndizi, ilhali mama wa mtaa wa pili hajui kukisoma kijikaratasi cha kumlisha mwanawe asipaliwe. Je, Kiswahili chetu ni cha makombe na vyeti tu? Tukae na mtaalamu, tuandike kurasa mbili za Kiswahili chepesi zenye picha: namna ya kumkalisha, namna ya kumlisha, namna ya kumgeuza. Hiyo itakuwa insha yenye maana kuliko hii yangu.

Na kwa jirani zangu wa Mji wa Kale nina ombi dogo. Najua si Kitinda peke yake. Zipo nyumba ambazo mtoto hajawahi kuonekana na mtu, hushushwa ngazi usiku akipelekwa hospitali na kurudishwa usiku. Sisemi kwa kulaumu. Hata sisi tulifanya hivyo miaka mitatu, kwa kuogopa macho na maneno. Lakini mtoto anayefichwa hapimwi na mtu. Fundi atamwonea wapi? Jirani mwenye sufi, mwenye boksi, mwenye mkono wa pili wa kusaidia kumkamata, atajuaje kama anahitajika? Waleteni barazani, nasi tupanue nafasi.

Jioni moja ya Februari, mimi na ami tulimshusha Kitinda, yeye mikononi mwa ami na kiti chake kichwani pangu. Tukamkalisha barazani, nyayo zimekanyaga, mikono juu ya meza yake. Wazee walisogea kidogo, wakamsalimu kwa jina lake, wakaendelea na mazungumzo yao ya mpira. Sikio la Kitinda likashika kitu ambacho sisi hatujakisikia. Akaanza kucheka. Halafu, kwa kuwa mgongo ulikuwa umeegemea vizuri na shingo haikuchoka, akageuka mwenyewe, polepole, kuelekea pembe ya njia. Muda si muda mwuza kahawa akatokeza.

Miaka sita amekuwa akimsikia. Siku ile ndiyo ya kwanza kumwona.

Natia nanga hapa. Mpime mtoto kwanza, ndugu yangu, ubao baadaye.